Balaa ni nyingi, nisome vipi? Jibu kwa mwanafunzi wa jiografia wa Kisauni

Swali limetoka kwa binti wa mwaka wa kwanza, mkaazi wa Kisauni, anasomea ualimu kwenye chuo kimoja hapa Mombasa. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Tuna somo la utangulizi wa jiografia na nusu yake ya pili yote ni changamoto za dunia, za mazingira na za jamii. Tabianchi, jangwa, maji, idadi ya watu, wakimbizi, taka, umaskini, yaani kila wiki balaa jipya. Noti zimejaa Bahari ya Aral na Amazon na Bangladesh, na mimi Bangladesh niijuayo ni ile ya Jomvu. Nakariri mpaka usiku wa manane na mtihani mdogo bado nimepata 11 kwa 30. Sasa tumepewa insha ya kurasa nane, changamoto moja ya dunia kwa mfano wa mahali, sijui hata nianzie wapi. Hili somo lasomwa vipi?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa hizo 11. Bidii unayo, hilo laonekana, mtu asiye na bidii hakeshi. Kinachokuangusha ni kwamba unasoma orodha ya majanga, leo mafuriko kesho njaa, kila moja na noti zake na mifano yake, na kichwa cha binadamu hakiwezi kubeba orodha kama hiyo hata ukikesha mwaka mzima. Somo lenyewe lina maswali machache tu ambayo yarudiwa kila mahali: jambo hili liko wapi, kwa nini hapo na si pengine, limeungana na wapi, linamuumiza nani, na nani mwenye uwezo wa kuamua. Ukiyashika hayo hata ukiletewa nchi hujawahi kuisikia utaweza kuiandikia kitu cha maana, maanake utajua cha kutafuta.

Nikupe mfano uone navyomaanisha, nzige. Utakuwa wakumbuka, Desemba 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya kutoka kaskazini mashariki na ukawa uvamizi mbaya zaidi nchini kwa miaka kama 70. Mwanafunzi anayekariri ataandika kwamba nzige ni janga la asili na huharibu mazao, atapewa alama mbili na hatajua kwa nini. Sasa wewe fuata walikotoka. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi wa tano na Luban mwezi wa kumi, vilimwaga mvua kwenye lile jangwa kubwa la Rub' al-Khali huko Arabuni, mahali ambapo karibu hapana watu, mchanga ukashika maji, majani yakaota, nzige wakazaana kizazi baada ya kizazi bila mtu kuwaona. Wakashuka Yemen. Yemen nchi iko vitani, kazi ya kuwasaka nzige na kupuliza dawa ikawa haifanyiki inavyotakiwa, wakaongezeka tena, wakavuka Ghuba ya Aden wakaingia Somalia na Ethiopia, na Somalia kuna sehemu timu za dawa hazifiki kwa sababu ya usalama, halafu vuli ya 2019 ikanyesha kupita kiasi kwa hivyo wakakuta kijani kila mahali. Hapo ndipo wakafika Mandera na Wajir na Marsabit, na kundi la kilomita moja ya mraba tu laweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000.

Sasa niambie hilo ni tatizo la mazingira au la jamii? Kimbunga ni hali ya hewa, vita ni siasa, mfugaji wa Marsabit aliyepoteza malisho hajui hata Luban ni kitu gani. Noti zako zimegawanya sura hii ya mazingira na ile ya jamii kwa sababu kitabu lazima kigawanywe kurasa. Kwenye ardhi hakuna mgawanyo huo.

Na hiyo vuli ya 2019 yenyewe ifuate pia. Bahari ya Hindi upande wetu huu ilipata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ikapoa, hali hiyo wataalamu wanaifuatilia kila mwaka kwa sababu ikitokea hivyo mvua yasogea kwetu na wenzetu wa ng'ambo ya bahari wakaukiwa. Basi Novemba 2019 West Pokot ardhi ikaporomoka ikafukia watu zaidi ya 50, na miezi hiyohiyo Australia ilikuwa yaungua, moto wa misitu ambao ulionekana kwenye televisheni duniani kote. Watu wengi waliziona kama habari mbili tofauti, kumbe bahari ni moja, hii tunayoiona kutoka ufukwe wa Mama Ngina hapa Mombasa. Wewe mtu wa pwani una faida hapo, umekua ukisikia pepo za kusi na kaskazi, umekua ukijua bamvua na maji mafu, bahari inavyojaa sana na inavyojaa kidogo, hiyo ni jiografia ya mfumo wa dunia na unayo tayari, usiidharau eti kwa sababu haikuandikwa kwenye slaidi za mwalimu wako.

Turudi kwa Bangladesh, ile nchi. Najua noti zako zinaiweka kama mahali pa kuhurumiwa, nchi ya chini, delta ya mito mikubwa, watu zaidi ya milioni 160, bahari yapanda, basi. Mimi naona huko ni kuwanyima haki yao. Novemba 1970 kimbunga kinachoitwa Bhola kilipiga huko, wakati huo bado ni Pakistani ya Mashariki, kikaua watu wasiopungua 300,000, ni katika vimbunga vilivyoua zaidi katika historia inayojulikana. Mei 2020 kikaja Amphan, nacho kilikuwa kikali sana, na Bangladesh walikufa makumi tu. Kila roho ni roho, lakini linganisha hizo namba mbili. Bahari haikupungua nguvu, nchi haikuinuka juu. Kilichobadilika ni watu: tangu 1972 wana mpango wa kujiandaa na vimbunga, vijijini kuna wakujitolea zaidi ya 70,000 wenye bendera na vipaza sauti wanaopita nyumba kwa nyumba, wamejenga majengo imara ya kukimbilia, wakahamisha watu zaidi ya milioni mbili kabla Amphan hajafika.

Hapo ndipo utofautishe mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya kila mwaka. Kimbunga ni tishio. Maafa ni kile kinachotokea tishio linapokuta watu walioachwa wazi, waliojenga bondeni kwa sababu ndiko wanakoweza kulipa kodi, wasiopata taarifa, wasio na pa kukimbilia. Kila utakapoona neno mafuriko au ukame au joto kwenye noti zako jiulize kwanza tishio ni lipi, halafu nani amewekwa mbele yake na kwa nini yeye. Na hili haliko Asia tu. Owino Uhuru hapa Mikindani, kijiji kizima kiliingiliwa na sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichojengwa ukutani kwao, watoto na kina mama wakaumia, kina mama wakaandamana, wakaenda mahakamani, mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 na kesi ikazidi kupanda mpaka Mahakama ya Juu ambayo Desemba 2024 ikasimama na wanakijiji. Kiwanda kama kile kwa nini kiliwekwa pale na hakikuwekwa kati ya majumba ya Nyali? Swali la namna hiyo likiulizwa vizuri lina uzito wa sura nzima ya kitabu.

Sasa namba. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo nivumilie.

Wastani huficha. Watakwambia mwanamke wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 alizaa wastani wa watoto 8, na kufikia utafiti wa afya wa 2022 wastani ni 3.4, na hiyo ni kweli na ni badiliko kubwa mno kwa maisha ya mtu mmoja. Lakini utafiti huohuo waonyesha Nairobi ni 2.5 na Mandera ni 7.7. Kwa hiyo ukiandika "Kenya watu wanazaa hivi" umeandika kuhusu mahali ambapo hapapo. Ukikutana na namba ya nchi nzima jiulize ndani yake kuna nini, wilaya gani ziko juu na zipi ziko chini, na tofauti hiyo yatokana na nini, shule za wasichana, zahanati, umbali, usalama, kazi.

Halafu kuna kipimo. Swali maarufu sana la mtihani ni nani anasababisha mabadiliko ya tabianchi, na wanafunzi hujibu nchi moja wakatulia. Jibu lategemea umepima vipi. Ukipima hewa chafu yote inayotoka mwaka huu, China ndiyo ya kwanza. Ukigawanya kwa idadi ya watu, Mmarekani mmoja hutoa tani 14 hivi za kaboni dayoksaidi kwa mwaka, Mchina kama 8, Mkenya hafiki hata nusu tani, na juu kabisa wako watu wa nchi ndogo za mafuta kama Qatar. Ukijumlisha tangu viwanda vianze, Marekani peke yake ina karibu robo ya yote. Zote tatu ni namba za kweli na kila mtu kwenye mikutano ya dunia huchagua ile inayomfaa. Ukiliona hilo ukaliandika, mwalimu atajua huyu anafikiri. Na kabla hujauliza, Kenya kutoa chini ya asilimia 0.1 ya kaboni dayoksaidi ya dunia hakumaanishi hatuna maamuzi, mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe Lamu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na huo ulikuwa uamuzi uliofanywa hapahapa.

Bahari ya Aral sitaizungumza sana. Wajua kisa, mito ya Amu Darya na Syr Darya ikageuzwa kumwagilia pamba kuanzia miaka ya 1960, ziwa lililokuwa la nne kwa ukubwa duniani likakauka karibu lote na meli zikabaki zimekaa mchangani. Nataka uongeze swali moja tu, ile pamba ilienda wapi? Pamba huwa nguo, nguo husafiri, huvaliwa Ulaya, hufungwa marobota, zafika bandari ya Kilindini, zafunguliwa soko la Kongowea asubuhi. Sisemi ile shati uliyochagua juzi ina maji ya Aral ndani, hakuna anayeweza kusema hivyo, nasema njia ya nguo ni moja ya zile kamba zinazounganisha mahali na mahali na wewe unakaa karibu kabisa na ncha yake ya mwisho.

Haya, insha. Ushauri wangu ni uandike maji, na mahali pako pawe Kisauni. Wengi darasani wataandika Amazon kwa sababu intaneti imejaa, na zote zitafanana. Kisauni ilikuwa na watu 291,930 kwenye sensa ya 2019, ni wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kaunti ya Mombasa, na mji mzima hupata chini ya nusu ya maji unayohitaji. Huo ni uhaba wa maji mijini, changamoto iliyoko Cape Town, iliyoko Chennai, iliyoko kwenu.

Anza na bomba ufuate kurudi nyuma. Maji yenu yapita matangi ya Nguu Tatu, na hapo yametoka Baricho, kaunti ya Kilifi, visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto Sabaki. Sabaki ukipanda juu ni Galana, Galana ukipanda juu ni Athi, na Athi hupokea mto Nairobi pamoja na kila kitu ambacho Nairobi hutupa mtoni. Umeona? Unywaji wa Kisauni na choo cha Nairobi viko kwenye mto mmoja. Mto huohuo wabeba udongo wa Ukambani, mashamba yaliyolimwa miteremkoni, mvua ikija udongo washuka mpaka bahari ya Malindi ikawa nyekundu, na Malindi kuna hifadhi ya bahari tangu 1968, matumbawe hayataki tope. Juu hapo Makueni bwawa la Thwake lajengwa, litafanya nini kwa maji na mchanga unaoshuka huku? Huna haja ya kujibu, weka swali, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiuliza swali zuri anahesabiwa.

Linganisha na chanzo cha pili cha mji, Mzima, kule Tsavo Magharibi. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Chyulu, mawe ya volkano yana matundu kwa hivyo maji yazama chini yakatokea Mzima masafi, halafu bomba la miaka ya 1950 huyaleta Mombasa kwa mteremko tu, hayahitaji pampu. Baricho yahitaji pampu, pampu yahitaji umeme, deni la umeme likirundika pampu husimama na mji wakauka hata kama mto umejaa. Hapo una uhaba usiosababishwa na ukame! Na pia waulize watu wa Taita wanavyohisi wakiona maji ya kwao yapita na kwenda kwa mwingine, hayo malalamiko ni ya miaka mingi, na ni sawasawa na ugomvi wa Nile kati ya Ethiopia na Misri, ila kwa kipimo kidogo. Ukiweza kuandika aya moja inayopanda kutoka kipimo cha mtaa hadi cha kaunti hadi cha nchi kadhaa bila kupotea, umeshamaliza kazi ngumu ya somo hili.

Halafu shuka mtaani. Bomba likikauka watu hufanya nini? Mkokoteni, mtungi wa lita 20, bowza (lori la maji), kisima cha jirani. Maji ya kisima mengi ni ya chumvi, chini yetu ni mwamba wa matumbawe, maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari, ukivuta mno ya chumvi hupanda, na bahari ikiendelea kupanda (imepanda kama sentimita 20 duniani kati ya 1901 na 2018) hali haitakuwa nyepesi. Mwamba huohuo una matundu na mashimo ya vyoo yako hatua chache kutoka visimani, ndiyo maana kipindupindu kikija hujua mtaa wa kuanzia. Tafuta bei. Waulize watu kama kumi wa nyumba tofauti wanalipa ngapi kwa mtungi, wakati wa kawaida na wakati bomba limekauka, kisha geuza bei iwe kwa lita elfu moja ulinganishe na bei ya mwenye mita ya bomba. Miji mingi duniani imepimwa hivyo na jawabu ni lilelile, maskini hulipa zaidi kwa kila lita. Uliza pia nani anaamka saa tisa usiku maji yakifunguliwa. Utasikia mama, utasikia dada mkubwa aliye kidato cha pili, na hapo sura ya jinsia na sura ya elimu zimeingia kwenye insha yako bila kuzilazimisha.

Ukihoji watu mwanangu, jitambulishe, sema ni kazi ya shule, usiandike majina yao, na usiwapige picha wakiwa kwenye foleni. Watu wa mitaa yetu wamehojiwa sana na watu ambao hawakurudi.

Jambo moja naomba sana uliache. Ile aya ya mwisho ya "serikali ihamasishe wananchi na kutoa elimu kwa umma" ambayo iko kwenye kila insha niliyosahihisha. Watu wa Kisauni wanajua kwamba maji hayatoshi, hawahitaji kuhamasishwa. Sema nani hasa ana uwezo juu ya nini: mabomba yanayovuja na bei ya maji viko chini ya nani, umeme wa Baricho walipwa na nani, mto Athi husimamiwa na nani kule juu. Na ukitaja suluhisho litaje na mahali lilikofanyika na lilivyofanyika, kama Gazi kule Kwale ambako tangu 2013 wanakijiji wanalinda mikoko yao na kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko huifyonza, pesa ikaenda kwenye maji na shule za kijiji, halafu uulize kama ingewezekana Tudor, ambako mikoko hunywa maji taka ya mji.

Kwa mtihani wenyewe fanya hivi: kila mada, karatasi moja, chora ramani ya mkono, si lazima iwe nzuri, weka mahali, weka mishale ya vinavyoingia na vinavyotoka, maji, watu, pesa, moshi, taka, na pembeni andika namba mbili au tatu tu na mwaka wake. Ramani ya nzige ukiichora mara moja kutoka Rub' al-Khali mpaka Marsabit hutaisahau tena. Kwa insha, ramani ya kwanza iwe ya mto kutoka Nairobi mpaka Sabaki, ya pili iwe ya mtaa wako na visima na vituo vya mitungi, na majina ya mitaa uyaandike kama wenyeji wanavyoyaita. Ukishapata zile bei za mitungi nitumie kabla hujaanza kuandika, tuziangalie pamoja.